Saa Iliyo Yako: Wajibu, Pumziko na Furaha Chini ya Mlima Kenya

Mhadhara kwa wakulima, walimu na vijana wa Embu na Meru



Nimeombwa nizungumze juu ya furaha. Nitazungumza juu ya saa, kwa sababu naamini kwamba katika nchi yetu hii ya chini ya mlima, furaha ya watu wengi inapotelea hapo, katika saa ambazo wanaziishi bila kuzimiliki.

Tuanzie Igembe. Miraa ikishachumwa haina subira. Kile kinachowafanya watu waitafune, kemikali iitwayo kathinoni, hupungua nguvu kadiri jani linavyonyauka, na siku mbili hivi zikipita mzigo hauna bei. Ndiyo maana wachumaji hupanda miti alfajiri, mabunda hufungwa kwa majani ya mgomba yasikauke, na pikapu hutoka Maua na Laare kuelekea Nairobi kwa mwendo ambao sote tunaujua, na ambao wengi wetu umetufanya tukae kando ya barabara tukishika moyo. Kutoka Nairobi mzigo hupaa kwenda Mogadishu. Mkulima anaharakishwa na mfungaji, mfungaji na dereva, dereva na ndege, na wote na jani. Mvivu hapo hayupo. Lakini kaa na watu hawa jioni, uwasikilize, utasikia uchovu ambao fedha haijaufikia.

Kisha soko lenyewe haliko mikononi mwao. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwanzoni mwa 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014. Machi 2020 Somalia ikafunga anga yake, na mzigo wa Kenya haukurudi Mogadishu hadi Julai 2022. Mara zote hizo, mkulima wa Mutuati aliyekuwa amelima vizuri, amepalilia vizuri na kuchuma kwa wakati, aliamka akakuta kazi yake haina mnunuzi. Hakuna aliyemwuliza.

Naanza na jambo hili kwa makusudi. Wapo watu wanaozunguka na vipaza sauti wakihubiri kwamba kila mtu ndiye mwandishi wa maisha yake, na kwamba ukiwa maskini au ukiwa na huzuni basi umejitakia. Mimi siamini hivyo, na sidhani ni haki kumwambia hivyo mama aliyesomesha watoto kwa miraa halafu London ikafunga mlango. Bei ya majani chai mnadani Mombasa haipangwi na mtu wa Rukuriri. Mvua ya Kiritiri haiitwi kwa simu. Mtu akibebeshwa lawama ya mambo yasiyo yake huvunjika, na aliyevunjika hawezi kuwajibika kwa lolote.

Wajibu ninaouzungumzia una eneo dogo zaidi, na kwa hiyo hauna pa kujificha. Ni kile kipande cha maisha ambacho, hata London ikifunga mlango, bado uamuzi ni wako: utalala saa ngapi, nani atachota maji nyumbani leo, utaketi na nani Jumapili, utaikabidhi lini kazi ambayo nguvu zako haziiwezi tena. Vitu vidogo. Lakini utafiti mmoja wa zamani unatuonyesha jinsi vilivyo vikubwa.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo mengi ya chumba chao ni juu yao: wapange vyombo wapendavyo, waamue usiku upi watatazama filamu, na wachague mche wa kuutunza wenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine walitendewa kwa upole uleule, nao wakapewa mche kila mmoja, ila wakaambiwa wahudumu ndio watakaoumwagilia maji. Baada ya majuma matatu, wale waliopewa uamuzi walijieleza kuwa na furaha zaidi, na walikuwa wachangamfu na wenye kushughulika kuliko wenzao. Tofauti ilikuwa nani anaushika mkebe wa maji. Wakulima mliomo humu mnaelewa jambo hili kuliko profesa yeyote: mche unaoutunza wewe hukuamsha asubuhi.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa vijana. Mtaniambia, mwalimu, wewe unawasikitikia watu wasio na muda, sisi muda tunao hadi umetuchosha. Nimewaona. Pale Makutano, pale Runyenjes kando ya stendi, pale Nkubu, vijana wenye vyeti vya sekondari na wengine wa chuo kikuu wamekaa juu ya pikipiki zisizo zao au juu ya mawe, tangu saa tatu asubuhi. Hawafanyi kazi. Je, wanapumzika? Waulizeni. Kijana aliyekaa siku nzima bila kazi hurudi nyumbani amechoka kuliko baba yake aliyelima.

Kuna kisa cha mlima wetu ambacho kinalieleza jambo hili vizuri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliwaleta Kenya maelfu ya wafungwa wa Kiitaliano waliokamatwa Ethiopia. Mmoja wao aliitwa Felice Benuzzi, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni ya Italia kule Addis Ababa. Akawekwa katika kambi ya Nanyuki. Chakula alipewa. Mahali pa kulala palikuwepo. Muda wake ulikuwa mtupu kabisa, siku baada ya siku, na hakuna aliyejua vita vitaisha lini. Ukitazama kwa nje ungesema huyu ana mapumziko yasiyo na mwisho. Yeye mwenyewe aliandika baadaye jinsi utupu ule ulivyokuwa ukiwala watu akili.

Siku moja mawingu yakafunguka akakiona kilele cha Batian. Kuanzia hapo akawa na jambo la kujibu kila asubuhi. Kwa miezi mingi, yeye na wenzake Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti walijitengenezea vifaa vya kupandia mlima kutokana na takataka za kambi. Waligeuza nyundo na vipande vya vyuma kuwa mashoka ya barafu, wakasokota kamba, wakaficha chakula kidogo kidogo kutoka katika posho zao. Ramani hawakuwa nayo. Miongoni mwa vitu walivyovitegemea ni picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Januari 1943 wakatoroka. Wakapita msituni kwenye tembo na chui, wakapanda hadi penye barafu. Barsotti alikuwa mgonjwa akabaki kambini chini ya vilele. Batian, yenye mita 5,199, iliwashinda. Lakini Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao hapo. Halafu wakafanya jambo ambalo wengi hulisimulia kama kichekesho na mimi sioni cha kuchekesha ndani yake: waligeuka wakashuka, wakarudi kambini, wakajisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao. Mkuu wa kambi aliuheshimu ujasiri wao, wakatumikia siku 7.

Watu hawa hawakuupata uhuru. Vita havikuisha kwa sababu yao, na lango lilifungwa tena nyuma yao. Walichokipata ni zile siku zisizozidi kumi na nane ambazo zilikuwa zao, na miezi ya kujitayarisha kabla yake, ambayo nadhani ilikuwa na thamani zaidi kuliko safari yenyewe. Kambi ile ile, chakula kile kile, lakini mtu anaamka akiwa na chuma cha kunoa. Kijana wa Makutano, sikwambii utoroke popote. Nakuuliza: chuma chako ni kipi? Kiwe ni bustani ya sukuma nyuma ya nyumba ya mama, kiwe ni kwaya, kiwe ni kumfundisha mdogo wako hesabu. Pumziko huanza pale ambapo kuna kitu cha kupumzikia. Asiyewajibika kwa lolote hana pa kushukia mzigo, kwa sababu hajaubeba.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo najua halitawafurahisha wote. Tumewaachia watu wetu kuita mapumziko kitu ambacho si mapumziko. Mbeere inalima muguka, ndugu ya miraa. Ni zao halali, linatambuliwa na sheria pamoja na miraa, na mashamba makavu ya upande wa Siakago yamelipa karo za shule kwa zao hilo wakati mahindi yalipokauka. Mei 2024, Mombasa na kisha kaunti nyingine za Pwani zilipolipiga marufuku na serikali kuu ikaingilia kati, wengi wetu hapa tulisimama na mkulima, na mimi nilisimama naye pia. Lakini kumtetea mkulima ni jambo moja. Kijana wa kwetu anayetafuna tangu mchana hadi usiku wa manane akitafuta handasi, ule msisimko wa majani, kisha hapati usingizi, kisha anakunywa kitu cha kuiondoa handasi ili alale, kisha anaamka adhuhuri: huyo hajapumzika. Ameikopa kesho yake na kuitumia usiku huu. Wazee wetu waliijua miraa kwa adabu yake, mezani pa wazee, katika posa, bunda la ncoolo likipelekwa kwa heshima kwa wazazi wa binti. Ilikuwa na mahali pake na saa yake.

Na Embu haijasahau Mei 2014. Pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na mji huu ukawa miongoni mwa miji iliyozika wengi. Wengine waliopona walipoteza macho. Lawama kubwa ni ya waliotengeneza sumu ile na waliowaachia wauze, hilo lazima lisemwe kwanza. Lakini miaka imepita, na swali lililobaki ni letu: mtu anayemaliza kazi ya kibarua saa kumi na moja jioni katika mji huu, ana mahali gani pengine pa kwenda kukaa na wenzake, pasipouzwa kitu cha kumsahaulisha? Tumejenga baa ngapi na viwanja vya watoto vingapi? Mtu huwajibika kwa chaguo lake, naam. Na jamii huwajibika kwa yale inayomwekea mbele ya kuchagua.

Mama zangu, nimewaona mkitikisa vichwa. Najua mnachosubiri.

Tunaposema mtu apumzike, katika nyumba nyingi za Imenti na Manyatta tunasema mwanamume apumzike. Shirika la takwimu la taifa lilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021, na likaona kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Mara tano. Tazameni siku ya mama mchuma chai. Anaamka kukiwa giza, anakamua, anawatayarisha watoto, anaingia shambani kabla umande haujakauka, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi kikapu kijae. Anakibeba hadi kituo cha kununulia majani. Hapo anaungoja lori la kiwanda. Saa ile ya kungoja, kikapu kikiwa chini na wanawake wamekaa wanazungumza, mara nyingi ndiyo saa pekee ya mchana ambapo mgongo wake hauna kitu. Kisha ni kuni, maji, ng'ombe tena, chakula cha jioni. Ng'ombe hajui Jumapili. Mume amekaa akisoma gazeti, au yuko sokoni akizungumzia siasa, naye husema kwa moyo safi kabisa kwamba amejipumzisha baada ya wiki ngumu.

Pumziko lake limetoka wapi? Limetoka katika usingizi wa mtu mwingine. Na bonasi ya Oktoba inapoingia, mara nyingi huingia katika akaunti ya mwenye namba ya kiwandani, ambaye si yule mwenye kikapu. Ndugu zangu wanaume, nasema bila kuzunguka: mtu mzima hawezi kuiita furaha yake kuwa ni yake ikiwa kuna anayeilipia kwa mgongo. Kuwajibika nyumbani ni kukamua ng'ombe jioni moja, na ya pili, na kuendelea hadi iwe kazi yako, ili mwenzako akae. Nafahamu nyumba ambamo hilo limefanyika, na mnazifahamu pia, hata kama wenyewe hawalitangazi. Jioni zake zina mazungumzo.

Nirudi kwa wazee, kwa kuwa kuna hazina ya kwetu ambayo tumeiacha ipotee. Wameru walikuwa na ntuiko, na Waembu nduiko. Baada ya miaka mingi, kizazi kilichoshika uongozi kilikabidhi mamlaka kwa kizazi kilichofuata, kwa sherehe, mbele ya watu wote. Profesa H. S. K. Mwaniki alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere, na ukiyasoma unaona jinsi mambo haya yalivyochukuliwa kwa uzito. Kukabidhi kulikuwa na utaratibu. Aliyekabidhi hakudharauliwa. Alishauri, alibariki, alipatanisha, lakini fimbo ilikuwa imehamia mkono mwingine na kila mtu aliliona hilo.

Leo tuna nini mahali pake? Tuna mzee wa miaka sabini na tano ambaye bado ni mwenyekiti wa kamati ya maji, wa kamati ya kanisa na wa halmashauri ya shule. Hati ya shamba iko sandukuni mwake, na kahawa inauzwa kwa namba yake ya chama cha ushirika. Mwanawe wa miaka arobaini na tano anapogoa kahawa ile, anaipiga dawa, anaichuma, anaipeleka kiwandani, na malipo yakija anaomba kama mtoto. Mzee hapumziki kwa kuwa anaogopa. Mwana hawajibiki kwa kuwa hajapewa cha kuwajibikia, akiharibu si chake, akitengeneza si chake. Wote wawili hawana furaha, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye chanzo. Hili nalijali kuliko yote niliyoyasema leo. Limevunja familia nyingi katika kaunti hizi mbili, na halihitaji fedha ya serikali kulitengeneza. Wazee wangu, kabidhini mkingali hai, mkingali na sauti ya kuelekeza. Gaweni hata mistari michache ya kahawa iwe na namba yake. Na nyinyi wana, mkikabidhiwa, msiuze kabla mvua ya pili haijanyesha.

Sasa juu ya siku ya kupumzika yenyewe. Tulikuwa na Jumapili. Tumeijaza. Jumamosi ni mazishi na harusi, Jumapili asubuhi ni ibada, na ibada ikiisha ni harambee, na harambee ikiisha ni kikao cha chama, na jioni tunatayarisha Jumatatu. Mengi ya hayo ni mema. Lakini mtu aliyeshindwa kukataa mwaliko hata mmoja kwa mwaka mzima hana Jumapili, ana siku ya saba ya kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hesabuni saa zenu. Mama wa kikapu, hesabu pamoja na zile za jikoni.

Na pumziko halihitaji safari ya Mombasa. Kilima cha Karue kiko pale kando ya barabara, watu wa Runyenjes wanakipita kila siku. Ziwa Nkunga liko jirani na mji wa Meru, msituni. Lango la Chogoria hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia wanaokuja kuutazama mlima ambao wazee wetu waliugeukia wakisali, na wengi wetu tumezeeka chini yake bila kupanda hata hadi penye mianzi. Chukueni watoto. Bebeni viazi na chai ya chupa. Simu ibaki nyumbani.

Namalizia kwa walio humu ambao wameajiri wenzao. Yote niliyoyasema juu ya kuimiliki saa yako yana mpaka, na mpaka huo mara nyingi ni mwajiri. Msichana anayefanya kazi katika nyumba yako hapa Embu, kijana anayekuchungia ng'ombe Kibirichia, kibarua wa shamba la maua Timau, hawezi kuamua kupumzika ikiwa wewe hujamwachia siku. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na mshahara kamili. Sheria hiyo imekuwepo kwa miaka mingi. Wengi wenu mnaijua inapohusu kazi zenu za serikali na shule. Mnahesabu likizo zenu hadi siku ya mwisho. Mkifika nyumbani leo, muulizeni aliyewapikia: siku yako ni ipi?